Leseni ya Uvuvi wa Burudani katika Ziwa Nyasa: Mambo ya Kuzingatia

Uvuvi wa burudani ni uvuaji wa samaki kwa ajili ya mapumziko, michezo au utalii, pasipo lengo la kuuza. Hata hivyo, kutokuuza samaki hakumwondolei mvuvi wajibu wa kuwa na leseni. Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 na Kanuni za Uvuvi za mwaka 2009, zinazotumika Tanzania Bara, zinauhesabu uvuvi huu miongoni mwa shughuli zinazohitaji leseni.

Mahali pa kuanzia

Kata ya Kingerikiti ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Mbinga hadi Wilaya ya Nyasa ilipoanzishwa mwaka 2012. Kwa sababu hiyo, mkazi wa kata hiyo, au mgeni wake anayekusudia kuvua ziwani, anapaswa kumwona Afisa Uvuvi wa Halmashauri ya Wilaya ya Nyasa, ambayo makao yake makuu yapo Mbamba Bay, badala ya kwenda Mbinga mjini.

Maombi na malipo

Mwombaji afike na kitambulisho cha Taifa, au pasipoti iwapo si raia, na aeleze eneo atakalovua, zana atakazotumia na chombo atakachopanda. Aulizie kiwango cha ada kinachotumika kwa wakati huo, alipe kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya Serikali na kutunza stakabadhi. Asimkabidhi mtu yeyote fedha taslimu. Chombo cha uvuvi nacho huhitaji usajili na leseni yake. Leseni ya mvuvi haiwi mbadala wake.

Mipaka ya leseni

Leseni haihalalishi zana haramu. Sumu, baruti, makokoro na nyavu za nyuzi moja ni marufuku kwa mvuvi wa burudani kama ilivyo kwa mvuvi wa biashara. Aidha, leseni ya Tanzania haimruhusu mvuvi kuvuka na kuvua katika maji ya Msumbiji.

Sababu ya udhibiti

Ziwa Nyasa lina aina nyingi za samaki kuliko ziwa lingine lolote duniani, na nyingi kati ya hizo hazipatikani kwingineko. Baadhi hudhurika kwa urahisi. Mbasa, kwa mfano, hupanda mito kama Ruhuhu ili kuzaliana. Anayemvua mlangoni mwa mto wakati huo humnasa kabla hajataga, na hasara yake huwafikia wavuvi wa mwambao mzima katika misimu inayofuata. Leseni huiwezesha Halmashauri kufahamu nani anavua, wapi na kwa zana gani.

Mvuvi anashauriwa kuwa na leseni yake wakati wote awapo ziwani na kuionyesha anapotakiwa na Afisa Uvuvi. Kuvua bila leseni ni kosa kisheria.