Kompyuta ya kujiundia: vipuri gani vinaoana?

Kwa mkazi wa Kismayo, au wa visiwa vya Wabajuni kama Koyama na Chula, kipuri kisichooana ni hasara mbili: ya fedha na ya safari.

Anza na prosesa: soketi yake lazima ilingane na ya ubao mama. Soketi ya AM5 ya kampuni ya AMD, iliyoingia sokoni mwaka 2022, hupokea kumbukumbu za DDR5 pekee, DDR4 haziingii.

Kisha pima kama kadi ya michoro itaenea ndani ya kasha, na ujumlishe wati za vipuri vyote kabla ya kuchagua pawasaplai, nayo iwe ya kuhimili volti 220.

Hewa ya bahari hutia kutu: funika kompyuta isipotumika.