Siku 368 au Wiki Nne? Kesi ya Tovuti ya Olimpiki ya Sydney

Leo nawaletea kisa ambacho kila anayetengeneza tovuti za serikali anafaa kukijua.

Mwezi Juni 1999, Bruce Maguire, raia wa Australia asiyeona, aliishtaki SOCOG, kamati iliyoundwa kwa sheria ya jimbo la New South Wales kuandaa Olimpiki ya Sydney ya mwaka 2000. Maguire alitumia kifaa kinachogeuza maandishi ya kompyuta kuwa nukta za breli. Kifaa hicho hakisomi picha, na picha nyingi za tovuti ile, hata zile za kubofya, hazikuwa na maelezo ya maandishi, ile alt tunayoijua. Kutoka ukurasa wa ratiba hakuweza kufika kwenye orodha ya michezo. Majedwali ya matokeo nayo hayakusomeka.

Kamati ilijitetea kwa hesabu: marekebisho yangemchukua mtu mmoja siku 368 za kazi, na majedwali yangehitaji mitambo ya zaidi ya dola milioni 2 za Australia. Wataalamu wa upande wa Maguire, akiwemo Jutta Treviranus wa Canada, walisema kikundi kidogo chenye uzoefu kingemaliza kwa wiki nne.

Tarehe 24 Agosti 2000, tume ya haki za binadamu ya Australia ilimpa Maguire ushindi na kuagiza tovuti irekebishwe kufikia tarehe 15 Septemba, siku ya ufunguzi. Agizo halikutekelezwa kikamilifu. Mwezi Novemba kamati iliamriwa kumlipa dola 20,000, lakini michezo ilikuwa imekwisha zamani.

Mimi naiona kesi hii hivi: gharama ilitokana na kuchelewa. Kuandika alt unapoweka picha ni kazi ya sekunde chache. Ukingoja hadi kurasa zifike maelfu, huo ni mradi mzima. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Hapa Kenya, kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufikia habari, na tangu 2022 tuna kiwango cha KS 2952 kuhusu teknolojia inayofikiwa na wote. Kwa hivyo, ndugu zangu wa wizarani na kaunti, sharti hili liandikeni ndani ya zabuni kabla ya ukurasa wa kwanza kutengenezwa. Na sisi waandishi wa programu tusingoje kushtakiwa.

Mwaonaje?