Imam Al-Ghazali: Safari ya Kutoka Kwenye Shaka Hadi Yakini

Kijana akiuliza nyumbani, "Nitajuaje kuwa ninayoyaamini ni kweli?", wazazi wengi huona amekosa adabu au ameanza kupotea. Lakini swali hilo alijiuliza mwanachuoni mkubwa, Imam Abu Hamid Al-Ghazali (Allah amrehemu), aliyezaliwa Tus, Iran, mwaka 1058 na kufariki huko huko mwaka 1111.

Katika kitabu chake Al-Munqidh min al-Dalal, anasimulia kuwa tangu ujanani aliona watoto wa Kinasara wakikulia Unasara, wa Kiyahudi Uyahudi, na wa Kiislamu Uislamu. Akataka yakini isiyotokana na kuiga tu.

Kwanza alizipima hisi. Jicho hukiona kivuli kimesimama, kumbe kinasogea kidogo kidogo. Huiona nyota ndogo kama dinari, na hesabu zikathibitisha kuwa ni kubwa kuliko ardhi. Basi, ikiwa akili imelikadhibisha jicho, je, hakuna hakimu mwingine atakayeikadhibisha akili? Mwenye kuota naye huyasadiki yote anayoyaona, mpaka aamke!

Hali hiyo ilidumu karibu miezi miwili. Hoja haikumsaidia, kwani kila hoja hujengwa juu ya misingi ya kwanza ya akili, na misingi hiyo ndiyo aliyokuwa akiitilia shaka. Anasema aliponywa kwa nuru aliyoitia Mwenyezi Mungu kifuani mwake, ndipo akaiamini tena misingi hiyo.

Tuzingatie hapa: Imam hakuitupa akili. Alionya kuwa anayedhani anaunusuru Uislamu kwa kukanusha hesabu za kupatwa kwa jua, huyo anaidhuru dini. Na akatoa mfano: mtu akidai kuwa tatu ni zaidi ya kumi, kisha akageuza fimbo kuwa nyoka ili asadikiwe, tutastaajabu amewezaje, lakini kumi itabaki kuwa zaidi ya tatu.

Zaidi ya miaka 500 baadaye, mwaka 1641, Mfaransa Descartes naye alichapisha kitabu kinachoanza kwa kutilia shaka hisi, na akatumia mfano wa ndoto.

Wazazi, mtoto akiuliza msimkemee. Kaeni naye, mumweleze mnachokijua, na msichokijua muulize pamoja wenye elimu. Shaka iliyonyamazishwa kwa ukali haiondoki, bali hujificha tu.

Wallahu a'lam.