Datsun Z: motokari ya milango miwili iliyopita matope ya Safari

Wiki iliyopita, baada ya habari za jioni, kijana mmoja alinifuata pale tunapochaji simu. Alikuwa na picha: motokari nyekundu yenye boneti nyeusi na pua ndefu, imejaa matope mpaka kwenye vioo, na watu wamesimama pembeni ya njia wakiitazama. Wenzake walikuwa wamemcheka. Walisema picha hiyo imetengenezwa na mashine, kwa sababu motokari iliyolala chini hivyo haiwezi kutoka hapa hata kufika nusu ya njia ya Nyunzu wakati wa mvua. Akaniuliza: "Kaka, wewe wa redio, hii ni kweli ao ni uongo?"

Ni kweli. Na kwa kuwa watu wengi pale walitaka kusikia, na wengine wako mbali na redio yetu siku hizi, naandika hapa kwa urefu kidogo.

Motokari ile ni Datsun 240Z, ya kampuni ya Nissan ya Japani. Aina hii ya milango miwili na paa linaloteremka nyuma, Wafaransa wanaiita kupe. Kwetu kupe ni mdudu anayenyonya ng'ombe, kwa hiyo nitasema tu motokari ya milango miwili. Matope yale yalikuwa ya upande wa pili wa ziwa letu, katika mashindano yaliyoitwa Safari.

Safari ilianza mwaka wa 1953, Elizabeth wa Pili alipovikwa taji kule Uingereza. Waingereza waliokuwa wakitawala Kenya, Uganda na Tanganyika walitaka kusherehekea, wakaamua kuzunguka nchi hizo tatu kwa motokari. (Tanganyika hiyo ni nchi ya ng'ambo, ambayo leo ni sehemu ya Tanzania. Jimbo letu lina jina lilelile la ziwa lilelile, lakini mashindano hayo hayakuvuka maji kuja kwetu.) Hapakuwa na uwanja wa mbio. Walipita njia zilezile wanazopita watu wa kawaida, zenye mbuzi, malori na madaraja ya mbao, kwa kilomita elfu kadhaa, mchana na usiku. Baadaye walichagua wakati wa Pasaka, na mtu yeyote wa pande hizi anajua mvua ya Pasaka inafanya nini na udongo. Mwaka wa 1963 ziliondoka motokari 84, zikarudi 7. Mwaka wa 1968 ziliondoka 93, zikarudi 7 tena. Wazee wa Kenya mpaka leo wanawasifu waliofika katika miaka hiyo miwili, hata wale wa mwisho.

Nissan walikuja kwa mara ya kwanza mwaka huohuo wa 1963, na motokari zao zote zikabaki njiani. Wakati huo jina Datsun halikuwa na uzito. Mshindi alipanda Peugeot 404, motokari ambayo wazee wetu wa Kalemie wanaijua vizuri. Lakini Wajapani walirudi. Walikuwa wanatafuta soko, na waliona kwamba mtu wa Afrika hanunui motokari kwa tangazo: ananunua iliyoonekana ikipita pale nyingine ziliponasa. Kila kilichovunjika njiani walikibeba kwenda nacho Japani, wakakitengeneza upya. Mwaka wa 1970 walishinda kwa Datsun 1600 SSS, motokari ya familia yenye milango minne. Dereva alikuwa Edgar Herrmann, Mjerumani aliyekuwa akiishi Kenya, pamoja na Hans Schüller aliyemsomea njia. Wa pili alikuwa Joginder Singh, Kalasinga wa Kenya, naye pia ndani ya Datsun.

Sasa tuingie kwenye Z yenyewe.

Ilitoka Japani mwishoni mwa 1969 kwa jina la Fairlady Z. Mtu aliyeisukuma zaidi ni Yutaka Katayama, aliyekuwa akiuza Datsun Marekani, na kundi la wachoraji liliongozwa na Yoshihiko Matsuo. Katayama hakupenda hata kidogo lile jina la Fairlady, na kwa soko la nje ikaitwa 240Z, kwa sababu mota yake ilikuwa ya lita 2.4. Silinda sita zimepangwa mstari mmoja, nguvu karibu farasi 150, uzito kama tani moja tu. Marekani iliuzwa kwa dola 3,526, wakati motokari za Ulaya za namna hiyo zilikuwa ghali zaidi. Watu wakaandikisha majina na kungoja zamu.

Hiyo ndiyo motokari ya barabara, ya kijana mwenye mshahara mzuri huko California. Ni nani aliyefikiri kuipeleka kwenye matope?

Swali hilo nililipeleka kwa fundi mmoja tunayeishi naye hapa Katanika. Alikuwa na garaji yake huko Nyunzu kabla ya vita vya Batwa na Baluba. Alifika hapa mwaka wa 2017 akiwa na watoto na funguo tatu za spana mfukoni, basi. Leo anatengeneza pikipiki chini ya turubai. Aliitazama ile picha muda mrefu, akaikuza kwa vidole, akasema: "Usitazame pua. Tazama magurudumu." Kisha akanieleza. Motokari nyingi za zamani zilikuwa na chuma kimoja kinachounganisha magurudumu mawili ya nyuma, kwa hiyo gurudumu la kushoto likiingia shimoni, la kulia nalo linayumba. Z ilikuwa na springi na amotiseri ya peke yake kwa kila gurudumu, mbele na nyuma. Gurudumu moja likianguka, mengine matatu yanaendelea kushika njia. Ongeza kwamba ni nyepesi, na kwamba mota ndefu ya silinda sita inavuta taratibu bila kuzima, hata katika mzunguko mdogo. "Kwenye matope," alisema fundi, "nguvu inayokuja kwa hasira inakuzika."

Kwa Safari waliongeza mambo mengine: springi za kuinua mwili juu zaidi, bamba la chuma chini ya mota, taa kubwa mbele, na kabureta tatu zilizopandisha nguvu kupita farasi 200. Rangi ikawa nyekundu, boneti nyeusi ili mwanga wa jua usimpige dereva machoni.

Pasaka ya 1971 Herrmann na Schüller walishinda tena, sasa kwa 240Z. Ile motokari, namba 11, Nissan waliirudisha kwao, na mpaka leo imehifadhiwa katika ghala lao la motokari za kale huko Zama. Wa pili alikuwa kijana wa Uganda mwenye umri wa miaka 25, Shekhar Mehta, naye pia kwa 240Z.

Hapa naomba msikilizaji asimame kidogo nami, kwa sababu habari ya Mehta ndiyo iliyonifanya niandike.

Alizaliwa Kampala mwaka wa 1945, katika familia ya Wahindi wenye mashamba ya miwa. Miezi michache kabla ya Safari ile ya 1971, Idi Amin alikuwa amechukua utawala wa Uganda kwa nguvu. Agosti 1972 Amin akatangaza kwamba Waasia waondoke, akawapa siku 90. Watu waliozaliwa pale, ambao baba zao waliwazika mababu pale, walipanga foleni kwenye ofisi za kutafuta hati wakiwa na sanduku moja moja. Nyumba, maduka, viwanda, vyote viliachwa. Familia ya Mehta nayo ilitoka. Yeye akahamia Kenya.

Sitaki kulinganisha kila kitu. Mehta hakulala chini ya turubai, wala hakusimama kungoja kipimo cha unga. Alikuwa na jamaa na marafiki wenye uwezo. Lakini kupoteza mji wako kwa tangazo la mtu mmoja ni jambo ambalo watu wengi wa Katanika hawahitaji kuelezwa.

Pasaka iliyofuata, ya 1973, Mehta alikuwa tena kwenye mstari wa kuanzia, ndani ya 240Z, na Lofty Drews pembeni yake. Mwaka huo Safari ilikuwa imeingizwa katika mashindano ya dunia, ambayo ndiyo kwanza yalikuwa yanaanza. Mpinzani wake mkubwa hakutoka kampuni nyingine: alikuwa Msweden Harry Källström, kwa Datsun 1800 SSS. Baada ya kilomita zote zile, mavumbi na mito, wakahesabu adhabu, wakakuta wawili hawa wana idadi sawasawa. Ikabidi kufungua kanuni. Kanuni ilisema mshindi ni yule aliyekwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu yake ya kwanza. Huyo alikuwa Mehta.

Mimi naona ushindi ule ni mzuri kuliko ule wa 1971, ingawa vitabu vya motokari vinapenda zaidi ule wa kwanza. Mehta alishinda Safari tena mwaka wa 1979, 1980, 1981 na 1982, safari hizo kwa Datsun Violet ya milango minne. Mara tano kwa jumla. Ajali kubwa katika mashindano ya jangwani Misri mwaka wa 1987 ilimtoa kwenye usukani, baadaye akawa kiongozi katika shirikisho la mchezo wa motokari duniani. Alifariki London mwaka wa 2006.

Kwenye viwanja vya lami Z nayo haikulala. Marekani, John Morton alichukua ubingwa wa daraja lake mwaka wa 1970 na 1971, kwa motokari zilizoandaliwa na Peter Brock. Ulaya, mwaka wa 1972, Rauno Aaltonen wa Finland alimaliza wa tatu katika baridi na barafu ya Monte Carlo. Aliyemsomea njia alikuwa kijana wa Kifaransa, Jean Todt, ambaye baadaye aliongoza Ferrari na kisha shirikisho lenyewe.

Baada ya hapo Z ya barabarani ilianza kunenepa. Mwaka wa 1974 ikawa 260Z, na wakatoa pia yenye viti vya nyuma. Ikaja 280Z ya Wamarekani, halafu 280ZX mwaka wa 1978, yenye starehe nyingi na uzito mwingi. 300ZX, 350Z na 370Z zilifuata, na mwaka wa 2022 ilitoka mpya ambayo imerudia ile sura ya zamani. Ni motokari nzuri, sikatai. Lakini hakuna aliyeileta kwenye matope ya Pasaka.

Kazi hiyo ilichukuliwa na Toyota Celica, nayo ya milango miwili. Björn Waldegård wa Sweden alishinda nayo mwaka wa 1984, Juha Kankkunen wa Finland mwaka wa 1985, Waldegård tena 1986. Hizo zilisukumwa na magurudumu ya nyuma, kama Z. Kisha ikaja Celica inayovuta kwa magurudumu yote manne, na hiyo ikatawala: 1990, kisha mfululizo kuanzia 1992 mpaka 1995. Mwaka wa 1993 Toyota zilishika nafasi zote nne za mwanzo. Mkenya Ian Duncan alishinda 1994. Ukijumlisha, Celica ilishinda mara nane. Nissan walijaribu kurudi na motokari ya milango miwili iitwayo 200SX: mwaka wa 1988 ilishinda Côte d'Ivoire, lakini Safari iliishia nafasi ya pili na ya tatu.

Safari yenyewe iliondolewa kwenye mashindano ya dunia baada ya 2002, ikarudishwa mwaka wa 2021. Siku hizi inakimbiwa sehemu fupi zilizofungwa, si kuzunguka nchi tatu tena. Tangu 2003 kuna pia Safari ya motokari za kale, na huko Z bado zinaonekana zikirusha vumbi.

Hapa Kalemie motokari za Japani zinatufikia kwa njia nyingine kabisa: Dar es Salaam, Kigoma, kisha boti, zikiwa na volani upande wa kulia katika nchi inayoendesha kulia. Nyingi ni za kubeba watu na mizigo. Z sijaiona hata moja.

Nilirudi kwa fundi kumsomea maandishi haya kabla ya kuyatuma. Alisahihisha mahali pawili kuhusu springi. Habari ya sheria iliyompa Mehta ushindi ilimfurahisha sana, akaomba nimsomee tena. Kisha akauliza kama njia ya Nyunzu imefunguliwa, maana alisikia lori moja limepita wiki hii. Nikamwambia bado nathibitisha. Yule kijana wa picha alikuwa amekaa pembeni, ameshika waya na soli ya kandambili, anakata magurudumu. Pua ya motokari yake ilikuwa ndefu mno, fundi akamwambia aipunguze kidole kimoja.