Watano Mbele, Wawili Nyuma: Magongo ya Afrika Mashariki na Mpangilio Uliopitwa na Uwanja

Julai 1980, jijini Moscow, timu ya taifa ya Tanzania ya mpira wa magongo ilicheza mechi yake ya kwanza ya Olimpiki, na mpinzani alikuwa India. Ikafungwa 18 kwa bila. Hispania nayo ikaifunga 12, Wasovieti 11, Poland 9 na Kuba 4. Jumla ni mabao 54 katika mechi tano za mzunguko. Tanzania ilifunga matatu, mawili kati ya hayo dhidi ya wenyeji. Kuba ikaishinda tena, 4 kwa 1, katika mechi ya kugombea nafasi ya tano.

Moscow ya Watanzania hukumbukwa kwa medali za fedha za Filbert Bayi na Suleiman Nyambui. Kina Leopold Gracias, Benedict Mendes, Soter da Silva, Abraham Sykes, Patrick Toto na Julius Peter hutajwa kwa nadra, na wakitajwa ni kwa sababu ya zile 18. Wanaonewa. Walikwenda pale baada ya nchi nyingi kususia michezo hiyo, Kenya ikiwemo, na waliukuta mchezo uliokuwa umehama kutoka mahali pale walipojifunzia.

Magongo ya Afrika Mashariki yalilelewa na India. Wagoa, Masingasinga na Waismailia waliyacheza katika klabu zao za Nairobi, Mombasa, Kampala, Zanzibar na Dar es Salaam, na mwaka 1947 Dhyan Chand mwenyewe, bingwa wa Olimpiki mara tatu, alikuja na kikosi cha India kuzunguka eneo hili. Kilichochezwa kilikuwa kile kile cha Bombay na Lahore: golikipa, mabeki wawili, viungo watatu, washambuliaji watano.

Mkazi wa Iyula, wilayani Mbozi, anaweza kuwa hajawahi kushika gongo, lakini mpangilio huo anaujua. Soka nayo iliutumia kwa miongo mingi, na namba za jezi ni masalia yake: mbili na tatu mabeki, nne hadi sita viungo, saba hadi kumi na moja mbele. Anayebishana leo pembeni ya uwanja huko Songwe kuhusu nani acheze namba sita anatumia ramani iliyochorwa kabla babu yake hajazaliwa.

Tofauti ni kwamba uwanja wa magongo una upande mzito na upande mwepesi. Gongo lina uso bapa upande wa kushoto tu, na hakuna gongo la mtu wa mashoto. Kwa hiyo kila mchezaji hukokota mpira upande wake wa kulia, na kuupiga kwenda kushoto ni rahisi kuliko kwenda kulia. Winga wa kulia anashuka na mpira ukingoni, kisha anaumimina katikati bila kugeuza mwili. Anayepata taabu ni beki wa kushoto. Wakikabiliana uso kwa uso, mpira uko kushoto kwake, ambako lazima apindue gongo ili aufikie. Akijisogeza ukingoni ili aukabili kwa uso bapa, ameacha njia ya ndani wazi, moja kwa moja golini. Akibaki ndani, winga anapita pembeni. Makocha wa zamani hawakumpanga mtu mzito pale.

Mabeki wawili hawakusimama mstari mmoja. Mmoja alipanda, mwenzake akabaki nyuma, wakibadilishana kadiri mpira unavyohama. Sheria iliwabeba: mshambuliaji alihesabiwa kuotea kama hakuwa na wapinzani watatu kati yake na goli. Golikipa mmoja, beki wa nyuma wa pili. Wa tatu alikuwa yule aliyepanda, na yeye ndiye aliyeamua mstari wa kuotea.

Ndani ya mfumo huo Kenya ilipaa. Shule moja tu ya Nairobi, Dr. Ribeiro Goan School, ilitoa wachezaji kadhaa wa Olimpiki, na beki Avtar Singh Sohal, maarufu kama Tari, alicheza Olimpiki nne mfululizo, 1960 hadi 1972. Kenya ilishika nafasi ya sita Tokyo 1964. Katika Kombe la Dunia la kwanza, Barcelona 1971, ilifika nusu fainali, ikatolewa na Hispania kwa bao moja, kisha ikapoteza medali ya shaba kwa India, 2 kwa 1, katika muda wa nyongeza.

Mwaka uliofuata mambo yakageuka. Sheria ikapunguza wapinzani kutoka watatu hadi wawili, na beki aliyepanda akapoteza kazi yake. Katika Olimpiki ya Munich, Ujerumani Magharibi iliyokaba mtu kwa mtu iliifunga Pakistan 1 kwa 0 na kuchukua dhahabu ambayo tangu 1928 haikuwa imetoka mikononi mwa India na Pakistan. Timu zikaanza kumvuta mshambuliaji mmoja arudi kati na kumweka mlinzi wa ziada nyuma ya wenzake. Uganda nayo ilikuwepo Munich, na wachezaji wake wengi walikuwa wa asili ya Asia. Idi Amin alikuwa ametangaza kuwafukuza Waasia Agosti ya mwaka huo, kabla michezo haijaanza.

Montreal 1976 ikaleta nyasi bandia. Mpira haudundi hovyo tena, pasi ya mita thelathini inafika ilikotumwa, na chenga za nafasi finyu zikapungua thamani mbele ya mapafu na mbio. India ikamaliza ya saba. Tanzania ya 1980 haikuwa na uwanja wa aina hiyo hata mmoja, iliukuta Moscow. Wakati huo Wahindi wenyewe walikuwa wamekwisha kuuzoea, wakaondoka na dhahabu.

Baada ya hapo mabadiliko yalikuja mfululizo: kuotea kubanwa ndani ya eneo la karibu na goli mwaka 1987, wachezaji wa akiba kuruhusiwa kuingia na kutoka bila kikomo tangu 1992, na hatimaye kuotea kufutwa kabisa mwaka 1998. Mshambuliaji sasa anaweza kumgandama golikipa mechi nzima, kwa hiyo walinzi ni wanne au watatu na mmoja nyuma yao, na wale watano wa mbele wamebaki kwenye picha za klabu. Kenya ilirudi Olimpiki Los Angeles 1984 na Seoul 1988, ikamaliza ya tisa na ya 12. Tangu hapo nafasi za Afrika kwa wanaume zimechukuliwa na Misri na Afrika Kusini.