Kilima ndani ya Kilatini

Nectarinia kilimensis: ndivyo wanasayansi wanavyomwita chozi wa rangi ya shaba, anayeonekana bustanini na kando ya msitu wa Kakamega. Kivulini dume huonekana mweusi. Jua likimpiga, kichwa humeta kijani na mgongo shaba. Wageni humdhania ndege mvumaji wa Amerika, ingawa hawana undugu. Mvumaji hufyonza nekta akielea hewani. Chozi kwa kawaida hutua kwanza.

Jina la kwanza, la jenasi, lilitolewa na Mjerumani Johann Illiger mwaka 1811. Limetokana na nekta, neno la Kigiriki la kinywaji cha miungu. La pili lina asili ya kwetu. Kiambishi -ensis cha Kilatini humaanisha "wa mahali fulani", na mahali penyewe ni Kilimanjaro. Mwingereza G. E. Shelley, aliyempa ndege jina hilo miaka ya 1880, aliiacha "njaro" akabaki na "kilima". Hivyo mlima wa mita 5,895 umeandikwa kwa neno linalomaanisha mlima mdogo!

Kakamega nayo imo. Mwaka 1978 ndege mwingine wa msituni alitengewa jenasi yake peke yake, akaitwa Kakamega poliothorax. Kwa Kigiriki polios ni kijivu na thorax ni kifua, na kifua chake ni cha kijivu kweli.

Kuyatamka majina haya si kazi: katika kilimensis, kama katika Kakamega, mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho.