Ruta iliyotii amri ya wezi

Januari 2008, kampuni ya usalama wa kompyuta ya Symantec iliripoti kisa kutoka Meksiko. Watu walitumiwa barua pepe ya kuwaarifu kwamba wana kadi ya salamu kwenye tovuti ya Gusanito. Ndani ya barua hiyo mlikuwa na picha ambayo haikuwa picha: anwani yake ilielekezwa kwenye ruta ya nyumbani, ikiwa imebeba amri. Ruta ikatii. Tangu hapo, aliyeandika anwani ya benki moja maarufu nchini humo alijikuta kwenye tovuti bandia, huku jina la benki likisomeka vilevile juu ya skrini.

Onyo lilikuwa limeshatolewa. Desemba 2006, Sid Stamm na Markus Jakobsson wa Chuo Kikuu cha Indiana, pamoja na Zulfikar Ramzan wa Symantec, waliandika jinsi hila hii inavyoweza kufanyika. Ruta huzuia wageni wa nje, lakini kivinjari kimo ndani ya nyumba. Ukurasa wowote unaweza kukiagiza kilete picha kutoka 192.168.1.1, anwani ya kawaida ya ruta, na ruta ikadhani anayeagiza ni mwenye nyumba. Kikulacho ki nguoni mwako.

Kinachobadilishwa ni kipengele kimoja tu, DNS, yaani seva inayoiambia kompyuta kila jina la tovuti liko kwenye anwani gani. Kompyuta yenyewe haiguswi, hivyo programu ya kusaka virusi haioni kitu.

Brazil nayo ilionja. Kampuni za usalama wa kompyuta, Kaspersky mwaka 2014, kisha Proofpoint mwaka 2015, zilieleza barua pepe za ulaghai zilizowapeleka watu kwenye kurasa zilizojaribu nywila za kiwandani, kama jina admin na nywila admin, hadi moja ikubali.

Sheria zimefuata taratibu. California, kuanzia 2020, na Uingereza, kuanzia Aprili 2024, zimepiga marufuku nywila moja ya kiwandani kwa vifaa vyote. Ni hatua nzuri, ila haitoshi: kule Meksiko wezi hawakuhitaji hata kubahatisha nywila, kwa kuwa ruta yenyewe ilikuwa na kasoro. Kwa hiyo badilisha nywila, kisha sasisha programu ya ruta. Ikiwa mtengenezaji ameacha kuitolea masasisho, nunua nyingine.